Nani Anamjua Nani: Ushirikiano Unavyoota na Unavyovunjika Nyakabiga

Chukua wanawake 10 wanaouza ndagala, mboga na vitenge katika mtaa wa Nyakabiga, mjini Bujumbura. Kila Jumapili kila mmoja anatoa faranga 10,000, na fungu lote la 100,000 linamwendea mmoja wao. Baada ya wiki 10 kila mtu ametoa 100,000 na amepokea 100,000. Hakuna mkataba ulioandikwa, hakuna benki iliyoshika dhamana, wala hakimu aliyewahi kuusikia mpango huo. Bujumbura watauita kirimba, Dar es Salaam upatu, Nairobi chama, ng'ambo ya ziwa kule Kongo likelemba. Swali ambalo wanahisabati, wanabiolojia na wanauchumi wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka 40 limekaa lote ndani ya fungu hilo: mwanamke aliyepokea wiki ya kwanza ana sababu gani ya kuendelea kutoa kwa wiki 9 zilizobaki? Akinyamaza tu na kuhamia upande mwingine wa mji, ameondoka na faranga 90,000 za wenzake.

Jibu linalokuja haraka ni kwamba yeye ni mtu mwaminifu. Yawezekana. Lakini jibu hilo halinitoshi, na Nyakabiga yenyewe ndiyo inayonizuia kuridhika nalo. Mtaa huu mmoja umeona ujirani wa kugawana chumvi, maji na ada za shule za watoto, na umeona pia jirani akimfukuza jirani. Kama moyo peke yake ndio unaoamua, itabidi tuamini kwamba mioyo ya mtaa mzima iligeuka ndani ya miezi michache, kisha ikageuka tena. Ninaloliona mimi ni kwamba tunautwika moyo mzigo ambao kwa sehemu kubwa unabebwa na kitu kingine: nani ameunganishwa na nani, kwa muda gani, kwa hiari au kwa kulazimishwa, na nani anaona anachofanya mwenzake. Wataalamu wanakiita mtandao, na hawamaanishi simu wala kompyuta. Wanamaanisha zile nyuzi za kukopeshana, kusalimiana, kuoleana na kununua kwa mtu mmoja miaka nenda rudi.

Fumbo lenyewe lina jina: mtanziko wa wafungwa. Watu wawili wanakutana. Kila mmoja anaweza kushirikiana au kumsaliti mwenziwe. Wakishirikiana wote wanapata kitu kizuri, wakisalitiana wote wanapata hasara, ila anayesaliti wakati mwenziwe anashirikiana ndiye anayepata zaidi kuliko wote. Kwa mkutano wa mara moja, hesabu inasema saliti. Mwaka 1980 Robert Axelrod, mtaalamu wa siasa wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliwaalika wasomi walete programu za kompyuta zicheze mchezo huo kwa kurudiarudia. Duru ya kwanza zilikuja programu 14, ya pili 62. Iliyoshinda duru zote mbili ndiyo iliyokuwa fupi kuliko nyingi, kazi ya Anatol Rapoport: inaanza kwa wema, halafu kila zamu inarudisha kile ilichotendewa zamu iliyotangulia. Mwaka 1981 Axelrod akaungana na mwanabiolojia W. D. Hamilton kuonyesha kwamba kurudiana huko kunaweza kuota hata kati ya viumbe wasio na akili ya kupanga, mradi uwezekano wa kukutana tena uwe mkubwa.

Kukutana tena ndiko kunakoiendesha kirimba. Ukiitazama kwa karibu utaona kwamba wale wanawake wamekwisha kuutatua mtanziko huo kwa mpangilio wa zamu. Aliyeingia jana, ambaye hakuna anayemjua vizuri, anawekwa mwishoni. Mpaka zamu yake ifike ameshatoa 90,000. Hana cha kukimbia nacho. Zamu za mwanzo wanapewa wale ambao nyumba zao zinajulikana, shule za watoto wao zinajulikana, na wauzaji wenzao wamekaa nao sokoni meza kwa meza. Mgeni haingii bila mtu wa kumleta, na aliyemleta ndiye atakayedaiwa mgeni akitoweka. Tena wiki ya 10 haina nguvu ya kuharibu mambo, kwa sababu kila mmoja anajua kuna duru nyingine inayoanza Jumapili inayofuata, na atakayekuwa amewaibia wenzake hataitwa. Mwenye dharura, mathalani mtoto aliyelazwa, anaweza kubadilishana zamu na mwingine, na hapo ndipo wema unapoonekana wazi. Lakini wema huo umejengewa nyumba kwanza.

Kurudishiana ulichotendewa kuna udhaifu mmoja mkubwa. Mtu akikosea, au akieleweka vibaya, wawili wanaorudishiana watabaki wakipigana kwa zamu bila mwisho. Mwaka 1992 Martin Nowak na Karl Sigmund walionyesha kwamba penye makosa, anayesamehe mara moja moja hushinda anayedai kila deni, na kwa malipo ya kawaida ya mchezo ule msamaha wa mara moja kati ya tatu ndio unaofaa. Msomaji wa Burundi ataona upesi kwa nini jambo hili linauma. Nchi hii inahesabu miaka yake ya damu, 1965, 1972, 1988, 1993, na wapo wanaopenda kuisoma orodha hiyo kama mchezo wa kulipizana kati ya pande mbili, Wahutu na Watutsi. Mimi naukataa usomaji huo. Mauaji ya 1972 yaliendeshwa na dola dhidi ya raia, na mama aliyenyang'anywa mumewe mwaka ule hakuwa mchezaji wa mchezo wowote. Nadharia inahusu mtu anayemkumbuka mtu. Balaa huanza pale ambapo mtu anaacha kukumbukwa kwa jina lake na kuadhibiwa kwa kosa la mwingine kwa sababu wamehesabiwa kundi moja.

Sasa tuache wawili, tuje kwenye mtaa mzima. Mwaka huohuo wa 1992 Nowak na Robert May walichapisha kazi ndogo yenye matokeo makubwa. Waliwapanga wachezaji kwenye ubao wa miraba, kila mmoja akicheza na waliomzunguka tu, kisha akimuiga aliyefanikiwa zaidi kati yao. Hawakuwapa kumbukumbu, wala uwezo wa kulipiza, wala akili. Hata hivyo wanaoshirikiana hawakufa. Walijikusanya vishada vishada, wakanufaishana ndani ya kishada, na wasaliti wakabaki kula pembeni. Wangechanganywa wote kama karata, usaliti ungewamaliza.

Mwaka 2006 Hisashi Ohtsuki, Christoph Hauert, Erez Lieberman na Nowak walipata kanuni ambayo mtu anaweza kuieleza kwenye kibaraza. Ushirikiano hupata nguvu ya kuenea ikiwa faida anayopata mwenzako, ukiigawanya kwa gharama unayoingia wewe, inazidi wastani wa idadi ya majirani ambao kila mtu anashughulika nao. Tuseme kumsaidia jirani kunakugharimu faranga 1,000 na yeye anapata nafuu ya 5,000. Uwiano ni 5. Mahali ambapo kila mtu ana majirani 3 wa kweli, tabia hiyo itaota. Mahali ambapo kila mtu anashughulika na 10, itafifia. Wema unaotawanywa kwa wengi unapotelea kwa wasiorudisha. Wema unaozunguka kati ya wachache unawarudia watu wa aina ileile. Ndiyo maana sishangai kuona kirimba za watu 10 zikidumu miaka, na michango ya mtaa mzima ikikwama baada ya mkutano wa pili.

Kanuni hiyo ina masharti, na moja nalitilia uzito kuliko mengine. Inafanya kazi ikiwa mabadiliko yanakwenda hivi: mtu anaondoka, nafasi yake inabaki wazi, na majirani waliomzunguka ndio wanaoshindana kuijaza. Geuza mpangilio, aliyefanikiwa aanze yeye kuzaa wa mfano wake na kumsukuma nje jirani yeyote ili amweke wake, na faida yote ya ujirani inayeyuka. Kwa mpangilio huo wanaoshirikiana hawapati nafuu hata majirani wawe wachache namna gani. Hesabu hii haikuandikwa kwa ajili ya Bujumbura, lakini mwenye kujua miaka ya kufukuzana, 1993 hadi 1996, katika mji huu hawezi kuisoma bila kusimama. Chumba kilichoachwa na mpangaji aliyepata kazi Gitega, kikajazwa na ndugu wa jirani, ni jambo moja. Nyumba aliyofukuzwa mwenyewe usiku, akaingia mwenye nguvu, ni jambo lingine kabisa. Mtaa unaweza kuonekana uleule kwa macho, vyumba vilevile, watu idadi ileile, ilhali kanuni ya nani anachukua nafasi ya nani imeshapinduka.

Mitandao halisi haifanani na ubao wa miraba. Wengi wana nyuzi chache, wachache wana nyuzi nyingi mno. Francisco Santos na Jorge Pacheco walionyesha mwaka 2005 kwamba mtandao wenye vitovu vya namna hiyo unaweza kuubeba ushirikiano vizuri sana. Nyakabiga kitovu ni mwenye butike. Ana daftari la madeni. Sukari, mchele, mafuta ya mawese, sabuni vinatoka leo vinalipwa mshahara ukifika. Anajua nani analipa, nani anajificha, nani kapoteza kazi. Akimwamini mtu, wengine watamwamini. Akimkatia mtu deni, habari imeshafika kona ya pili kabla ya jua kuzama. Kitovu kikiwa cha mtu mwema, wema wake unaigwa na wengi. Kikiharibika kinaharibu wengi, na hilo nitalirudia nitakapofika 2015.

Isidhaniwe kwamba kubanana kwa majirani kunafaa kila kitu. Kuna kazi ambazo mmoja akizifanya wote wananufaika, na yeye mwenyewe ni bora azifanye kuliko zisifanyike kabisa. Mtaro ulioziba mbele ya ua lenye vyumba 6 vya kupanga ni kazi ya namna hiyo. Atakayeudhika kwanza na harufu atachukua koleo, na wenzake watatazama. Hauert na Michael Doebeli walieleza mwaka 2004 kwamba katika hali za aina hii kuwa karibu kunaweza hata kupunguza ushirikiano, kwa sababu ukiwa jirani wa mwenye bidii unafaidi kustarehe. Burundi imejibu tatizo hilo kwa kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi, zenye amri ya serikali nyuma yake. Mtaro unazibuliwa kweli. Ila ushirikiano unaotokana na kuogopa kuonekana hukuja si ule unaotokana na kumjua mwenzio, na hauachi nyuzi zilezile nyuma yake.

Kipimo kizuri kuliko vyote katika ukanda wetu kilifanyika Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Coren Apicella, Frank Marlowe, James Fowler na Nicholas Christakis waliwatembelea Wahadzabe 205 katika kambi 17 na mwaka 2012 wakachapisha walichokiona. Kila mtu alipewa vijiti 4 vya asali. Angeweza kubaki navyo vyote, au kuweka baadhi kwenye mfuko wa pamoja bila wenzake kujua kiasi, ambapo kila kijiti kiliongezwa kuwa vitatu kisha wakagawana sawa. Aliulizwa pia angependa kuishi na nani katika kambi ijayo, na angempa nani zawadi ya asali. Waliotoa zaidi walikuwa wameunganishwa na waliotoa zaidi. Wachoyo nao na wachoyo wenzao. Kambi zilitofautiana kuliko ambavyo bahati ingeweza kueleza.

Ungedhani basi watu wema wametafutana na kuhamia pamoja. Kazi iliyofuata, iliyoongozwa na Kristopher Smith akiwa na Tomás Larroucau, Ibrahim Mabulla na Apicella, iliwafuatilia Wahadzabe kwa miaka 6 na kuchapishwa mwaka 2018. Ikakuta kwamba kambi ziliendelea kutofautiana kila mwaka, lakini mtu mmoja mmoja hakuwa na kiwango chake cha kudumu. Alichotoa mwaka huu kilitabiriwa na waliokuwa naye kambini wakati huo kuliko alichotoa yeye mwenyewe zamani. Mtu akihamia kambi ya watoaji, anatoa. Hili ndilo tokeo linalonipa matumaini kuliko yote katika somo hili, na wakati huohuo linatisha. Maana yake ni kwamba mwema wa Nyakabiga angeweza kuwa katili kwingine, na katili angeweza kuwa mwema, kwa kubadilishiwa watu wa kuishi nao.

Ila Wahadzabe wana kitu ambacho mpangaji wa Nyakabiga hana sikuzote: wakichoshwa na mtu, wanahama. David Rand, Samuel Arbesman na Christakis walikijaribu kitu hicho mwaka 2011 kwa washiriki waliokuwa wakicheza kupitia kompyuta. Nyuzi zilipofungwa zisibadilike, au zilipochanganywa ovyo, ushirikiano uliporomoka kadiri duru zilivyokwenda. Watu walipoweza mara kwa mara kumwacha msaliti na kumtafuta mwingine, ulisimama. Uhuru wa kuchagua wa kushirikiana naye unafanya kazi ya adhabu bila mtu kuumizwa. Kirimba inautumia kila duru mpya inapoanza.

Burundi nayo imepimwa. Maarten Voors, Eleonora Nillesen, Philip Verwimp, Erwin Bulte, Robert Lensink na Daan van Soest walikwenda katika jumuiya 35 za vijijini na kuwachezesha watu michezo ya fedha halisi, wakilinganisha sehemu zilizoshambuliwa sana wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na zile zilizoguswa kidogo. Kazi yao ilitoka mwaka 2012. Matarajio ya wengi yangekuwa kwamba walioumizwa wamekuwa wagumu. Ilikuwa kinyume: waliokutana na ukatili walikuwa wakarimu zaidi kwa jirani zao, wepesi zaidi wa kujaribu bahati, na wenye subira ndogo. Mwaka 2016 Michal Bauer na wenzake wakakusanya matokeo ya tafiti za namna hiyo kutoka nchi nyingi zilizopitia vita, na mwelekeo ukawa uleule. Vita huwaacha watu wakishiriki zaidi mikutano, vikundi na uongozi wa mahali wanapoishi.

Lakini angalia mwenzi wa mchezo alikuwa nani. Watafiti wa Burundi walimpa mshiriki mtu asiyetajwa jina, ila wa jumuiya yake mwenyewe. Ukarimu uliopimwa ni wa ndani, na Bauer na wenzake wanasema wazi kwamba ongezeko hilo huonekana zaidi kwa watu wa kundi la mtu kuliko kwa wa nje. Jung-Kyoo Choi na Samuel Bowles walikuwa wameshaonyesha kwa hesabu, mwaka 2007, kwamba ukarimu kwa wa ndani na uhasama kwa wa nje vinaweza kukua pamoja, kimoja kikikibeba kingine, ilhali kila kimoja kingekufa kikiwa peke yake. Ni tokeo gumu kumeza. Linasema kwamba ile hali ya kufa na kuzikana tunayoisifu kwa mtaa uliopitia mateso pamoja inaweza kuwa imenunuliwa kwa ukuta.

Na Nyakabiga ilijengewa ukuta. Mtaa huu uko katikati ya mji, Bwiza upande mmoja, kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi upande mwingine, mto Ntahangwa kaskazini yake. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura ilichambuliwa mmoja mmoja kwa nguvu. Kamenge na Kinama zikabaki za Wahutu. Ngagara, Cibitoke, Musaga na Nyakabiga zikahesabiwa za Watutsi. Vijana wa Kitutsi waliojiita Sans Échec walishika mitaa hiyo. Bwiza na Buyenzi zilibaki na mchanganyiko kwa muda mrefu kuliko nyingine. Buyenzi hasa, yenye Waswahili na misikiti yake, ilijulikana kwa kuwahifadhi waliokimbia kutoka pande zote mbili, na hapo kulikuwa na nyuzi ambazo hazikufuata kabila: sala moja, soko moja, gereji moja, lugha moja. Hata hivyo Machi 1995 mashambulizi yalifika huko pia na maelfu wakakimbia. Nyuzi zinazovuka kabila ziliichelewesha hatari. Hazikuweza kuizuia ilipokuja na bunduki.

Ukiyatazama matukio hayo kwa macho ya mtandao, kilichokatwa ni kile hasa kinachoufanya ujirani uzae ushirikiano. Uwezekano wa kukutana tena ulifutwa kwa wiki chache. Kumbukumbu ya mtu kwa mtu, nani alilipa, nani alinishikia mtoto, ikawa haina mahali pa kutumika kwa sababu mtu huyo hakuwepo tena. Ndani ya kuta zilizobaki, watu walikaribiana kuliko zamani. Ushirikiano haukupungua Nyakabiga miaka ile. Nafikiri uliongezeka, ila ulikuwa umepoteza sehemu ya watu wake.

Kurudi kwa nyuzi kulianza polepole baada ya Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000 na kusimama kwa mapigano makubwa miaka iliyofuata. Vyumba vilipangishwa tena kwa mwenye pesa bila kuulizwa mengi. Wanafunzi wa chuo walitoka mikoa yote kutafuta kitanda karibu na Mutanga. Soko kuu la katikati ya mji lilikuwa likifanya kazi kubwa kuliko mkutano wowote wa maridhiano: muuzaji wa Kamenge na wa Nyakabiga wamekaa kutwa nzima meza kwa meza, wanabadilishiana chenji, mmoja anakwenda kusali mwingine anamwangalizia mzigo. Tarehe 27 Januari 2013 soko hilo liliungua. Hasara ya mali ilihesabiwa na kulalamikiwa, na ilistahili. Hasara ya pili ilizungumzwa kidogo. Wauzaji walitawanyika kwenda masoko ya Ruvumera na Ngagara na masoko madogo ya mitaa, na kitovu kimoja ambacho mitaa yote ilikutana kikatoweka kwa siku moja.

Maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalipoanza tarehe 26 Aprili 2015, Nyakabiga ilikuwa mstari wa mbele. Waliotoka walikuwa Wahutu na Watutsi, na hilo linapaswa kukumbukwa. Waliunganishwa na ligala, zile kona ambako vijana hukaa jioni kuongea mpira, kazi isiyopatikana na siasa. Ligala ziligeuka vituo vya kuweka vizuizi na kukesha. Majirani walilindana usiku, na yeyote aliyeingia mtaani asiyejulikana alisimamishwa. Nyuzi zilezile zilizotoa ulinzi zilitoa pia kitu kingine: Mei ile umati ulimuua mtaani humo mtu aliyeshukiwa kuwa Imbonerakure, yaani mmoja wa vijana wa chama tawala. Ndani ya kishada kilichobanana, tuhuma haina mtu wa nje wa kuipinga. Anayesita anaogopa kuonekana msaliti.

Katikati ya mwezi huohuo, wakati wa jaribio la mapinduzi la tarehe 13, redio za watu binafsi zilivamiwa na kuharibiwa, RPA, Isanganiro, Bonesha na Renaissance kwa upande mmoja, Rema FM kwa upande mwingine. Redio ndizo zilizokuwa zikimfanya mtu wa Nyakabiga na wa Kamenge wasikie habari moja kwa wakati mmoja. Baada ya hapo kila kundi lilibaki na ujumbe wa WhatsApp wa watu wake. Vitovu vilivyokuwa vya wote vilivunjwa, vikabaki vitovu vya kila upande. Tarehe 11 Desemba 2015 kambi za jeshi zilishambuliwa, na kilichofuata katika mitaa kama Nyakabiga na Musaga kiliacha maiti barabarani asubuhi ya tarehe 12. Idadi iliyotolewa rasmi ilikuwa watu 87. Hakuna kanuni ya mtandao inayoeleza mauaji yanayofanywa na wenye sare na amri. Nadharia ya mtandao inaweza kueleza kwa nini kilio cha mtaa mmoja hakikuvuka mto.

Nikija kwenye yanayoweza kufanywa, sioni faida ya kuwahubiria watu wa Nyakabiga upendo. Ndani ya kuta zao wanao. Vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana vya mtindo wa Nawe Nuze, vilivyoenea Burundi kupitia shirika la CARE, vina utaratibu ambao ni kirimba iliyokomaa: sanduku moja la fedha, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, hesabu inayosomwa mbele ya wote, na mgao wa mwisho wa duru. Wanachama huchaguana wenyewe. Kwa yote niliyoeleza, ndivyo inavyopaswa kuwa, maana kikundi kidogo cha waliochaguana ndicho kinachodumu. Ila waliochaguana watakuwa wa ua moja, kanisa moja, kabila moja mara nyingi, na vikundi 20 imara vya namna hiyo vinaweza kusimama katika mji mmoja bila uzi hata mmoja kati yao.

Dawa ya kuvunja vikundi na kuvichanganya kwa amri itaua kile kinachofanya kazi. Majaribio ya Rand na wenzake yameonyesha watu wanaochanganywa ovyo wanafanya nini. Ninachokiona kinawezekana ni kuongeza nyuzi chache juu ya zilizopo. Ufunguo mmoja kati ya zile tatu ungeweza kushikwa na mwanachama wa kikundi cha mtaa mwingine, wa Kinama kwa kikundi cha Nyakabiga na wa Nyakabiga kwa kile cha Kinama. Asingekuwa na kura katika mikopo yao wala sauti katika mambo yao, ila sanduku lisingefunguka asipofika. Angelazimika kuvuka mji kila wiki, kuonekana, kujulikana kwa jina, kuulizwa habari za watoto. Gharama yake ni nauli ya basi, na tangu mafuta yaanze kuadimika nchini si gharama ndogo. Vikundi vyote viwili vingelazimika kuichangia. Pa kuanzia pangekuwa soko la Ruvumera, ambako wauzaji wa mitaa yote hiyo wanakutana tayari kila siku na hakuna atakayehitaji kulipiwa basi.